Masufuria Yatainjikwa Wapi?

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usanifu majengo, wazazi na mafundi, siku ya maonyesho ya kazi za mwaka wa mwisho, Dar es Salaam

Mgeni rasmi, walimu wangu, wazazi wangu, shikamooni. Mafundi mliokaa kule nyuma chini ya feni, nimewaona, na sababu ya kukaa huko naijua. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, mambo vipi. Itifaki nyingine naomba ihesabiwe imezingatiwa, maana nimepewa dakika ishirini na mwalimu wangu ameshika saa mkononi.

Nimeambiwa nieleze kazi zangu zilizobandikwa ukutani hapa. Nitaanza na ile ambayo haijabandikwa. Iko chini ya kitanda changu hosteli, ndani ya boksi la televisheni, na mende wameshaanza kula gundi.

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kubuni ukumbi wa mtaa. Kiwanja kilikuwa cha kweli, kipo Temeke, mita 30 kwa 24, kimepakana na ofisi ya serikali ya mtaa. Nikachora jengo ambalo hata leo nikilitazama nasema lilikuwa zuri. Ukuta wa vioo upande wa magharibi, ili watu walione jua likizama. Jukwaa. Chumba cha kukatia tiketi. Tiketi, jamani! Mtaa wenyewe sijawahi kuona mtu akikata tiketi ya kitu chochote zaidi ya basi la kwenda mkoani. Jopo likanipongeza, alama nikapata, na nikalala usingizi mzuri.

Kosa langu, au tuseme bahati yangu, ni kwamba wiki iliyofuata niliipakia ile modeli kwenye bajaji nikaipeleka mtaani kwenyewe. Mwenyekiti akaizunguka mara mbili, akasema, "Hongera sana binti yangu," kwa sauti ile mtu anayosifia nayo mtoto wa jirani. Pembeni alikuwepo mama mmoja, mpishi wa shughuli. Kila mtaa unaye mama kama huyo: watu wakiozesha, wakifiwa, wakitahiri, anaitwa yeye na mwiko wake. Akainama, akafumba jicho moja, akachungulia ndani kupitia mlango wa kadibodi. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, masufuria yatainjikwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole kijichumba cha mita mbili kwa mbili nilichokiandika "jiko". Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hapa unamchemshia nani chai? Sufuria langu la pilau haliingii, na likiingia mimi sitoki. Moshi je? Maji ya kuoshea vyombo utayamwaga kwenye vioo vyako hivi? Na mtu akifa, wanawake tunakaa wapi?"

Sikuwa na jibu hata la swali moja. Nikarudi na modeli yangu kwa bajaji ileile.

Sasa wadogo zangu, nataka mlitazame hilo swali la mwisho kama wabunifu, si kama waombolezaji. Msiba wa mtaani kwetu ni shughuli yenye ramani yake, na ramani hiyo kila mtu anaijua isipokuwa sisi tunaolipwa kuchora. Habari ikitoka tu, kabla hata ndugu wa mikoani hawajapigiwa simu, turubai linafungwa barabarani. Viti vya plastiki vinashushwa kutoka kwenye kirikuu. Wanaume wanakaa nje chini ya turubai. Wanawake wanakaa ndani na uani, chini, kwenye majamvi na mikeka, miguu imenyooshwa. Viatu vinarundikana mlangoni mpaka mlango haufungiki. Mafiga yanapangwa mahali penye upepo, kuni zinapasuliwa, mapipa ya maji yanajazwa. Vijana wanahitaji njia ya kupitisha sinia la watu wanane bila kukanyaga vidole vya bibi. Na usiku watu wanalala hapohapo, siku tatu na pengine zaidi, kwa hiyo choo kilichojengwa kwa familia moja kinahudumia kijiji.

Toka siku ile kila mchoro wangu, uwe wa ukumbi, uwe wa nyumba, kwanza naupitisha msibani. Ukipita huko, harusi itapita, mkutano wa mtaa utapita, kikao cha vikoba kitapita, kliniki ya watoto nayo itapita. Ukikwama, narudi mezani.

Mchoro wa kwanza hapa ukutani, huu wenye paa kubwa, ni ule ukumbi uliozaliwa upya. Mtaona hauna ukuta wa mbele. Ni paa, nguzo, na baraza refu la kukalia pande mbili, sentimita 45 kutoka chini, kimo cha baraza lolote ambalo umewahi kulikalia ukisubiri mtu. Chumba cha kufungwa kwa ufunguo ni kimoja tu, cha viti na masufuria.

Jiko sasa ni banda zima, mita tano kwa nane, na limekaa magharibi. Kwa nini magharibi? Hapa upepo mkubwa ni wa aina mbili, na wavuvi wanaujua kuliko sisi. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Zote mbili zinatokea upande wa mashariki. Kwa hiyo moshi wa jiko lililoko magharibi hauwaingii waliokaa ukumbini, iwe Januari, iwe Julai. Na banda lenyewe linaukinga ukumbi na jua la saa kumi, lile jua ambalo mimi nililiwekea vioo ili watu walifurahie! Bila shaka jirani wa magharibi ana la kusema. Ndiyo maana mnaona dohani ile ndefu, na ndiyo maana tulikaa na jirani huyo jioni mbili kabla sijachora mstari.

Kuhusu jua, hili shikeni mapema. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini; miezi iliyobaki linahamia kusini. Pande hizo mbili unazikinga kwa kutokeza paa tu, kwa sababu jua liko juu. Mashariki na magharibi linakuja kwa ubavu, chini kabisa, na paa lako haliwezi kulifanya kitu. Basi ulaze jengo: ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, ncha fupi zipokee asubuhi na jioni. Haigharimu hata shilingi. Ni kuzungusha karatasi tu kabla ya kuanza kuchora.

Paa lilinipeleka mbali zaidi. Bati ni rafiki wa maskini na adui yake, kwa sababu saa saba mchana chini ya bati unaweza kukaanga yai kichwani. Nikasoma kazi za Francis Kéré wa Burkina Faso. Huyu alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipobuni shule ya msingi ya kijijini kwao Gando. Alichangisha fedha, akarudi nyumbani, na wanakijiji wakajenga kwa mikono yao. Ikakamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, moja ya tuzo kubwa kabisa za usanifu majengo duniani. Alichofanya paani ni rahisi kukieleza. Dari ni la matofali ya udongo yaliyopangwa na kuachiwa nafasi. Juu yake, kwa mbali, bati limenyanyuliwa kwa nondo. Joto la ndani linapanda na kupenya darini, upepo unapita katikati ya dari na bati unalisomba.

Nikaichukua. Nikaenda kumwonyesha fundi wangu, amekaa pale nyuma, ananitazama sasa hivi. Akatazama ile nafasi katikati ya dari na bati, akasema, "Umejenga nyumba ya popo." Ndiyo. Burkina Faso sijui, lakini Temeke, penye mwembe kila uani, nafasi ya giza juu ya dari popo watahamia kabla rangi haijakauka. Kwa hiyo mtaona kwenye mchoro mkubwa pembeni, pale nilipoonyesha jinsi bati na ukuta vinavyokutana, kuna wavu wa chuma umezunguka nafasi yote. Wavu huo umebuniwa na fundi. Jina lake liko kwenye kona ya mchoro, chini ya langu. Mwalimu mmoja aliniuliza kama hilo linaruhusiwa. Nikamwambia sheria inayokataza sijaiona.

Maji ya paa yanaingia kwenye tangi. Hapo nimemfuata Beda Amuli, mzee wetu, aliyebuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970. Wengi wenu mmepita Kariakoo maisha yenu yote bila kuinua macho. Yale mapaa ya zege yaliyofumbuka kama miavuli iliyopinduliwa yalikusudiwa yafanye hivyo: yapokee mvua na kuishusha chini. Soko liliungua Julai 2021, na nilisikitika kuona watu wakihesabu mali iliyoteketea, kwa haki yao, bila mtu kulitaja jengo. Mbunifu Mwafrika, wakati ambapo wabunifu Waafrika katika Afrika Mashariki walihesabika kwa vidole, alikaa akafikiri soko letu linywe maji ya masika. Na sisi hapa tunatafuta majengo ya kuiga kwenye simu.

Mpishi wangu niliurudisha mchoro kwake. Aliutazama muda mrefu. Akasema ndoano za kutundikia miiko ziko juu mno. Nikazishusha.

Sasa nije kwenye nyumba. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe ni la kwetu.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mjomba wangu alifariki. Alikuwa akiishi ghorofa ya tatu katika jengo moja hapa mjini, ambalo sitalitaja. Jengo zuri, lina vigae mpaka kwenye ngazi. Asubuhi wanaume wakapandisha jeneza kutoka msikitini. Kitanda cha kuoshea hakikuingia bafuni, wakaoshea chumbani na maji yakakaushwa kwa mashuka. Kisha ikaja saa ya kutoka. Jeneza likafika kwenye kona, pale korido inapokutana na ngazi, likagoma. Wakalirudisha nyuma, wakalilaza ubavu, wakainua upande mmoja. Watu wazima sita wanahema, wananong'ona "taratibu, taratibu," na wote wanajua yaliyomo si kabati. Mwisho mmoja wa wazee akasema basi. Wakamtoa mjomba kwenye jeneza, wakambeba mikononi amefungwa kwenye mkeka, ghorofa tatu, kona baada ya kona. Jeneza lilishushwa tupu, limesimamishwa wima. Wakamweka tena humo pale chini, katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa.

Sisi wanawake tulibaki juu, tumeshika chuma cha ngazi, tunatazama. Mama yangu hakulia wakati wa kuosha. Alilia pale.

Sikujua wakati ule kwamba kuna watu kazi yao ni kuamua upana wa korido. Nilipofika chuoni, jambo la kwanza nililolipigia hesabu lilikuwa hilo. Chukueni kalamu. Korido ya mita moja ikikata kona ya mraba na kukutana na nyingine ya mita moja, kitu chenye upana wa sentimita 65 kikibebwa kikiwa kimelala hakiwezi kupita ikiwa kina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu hivi. Jeneza lina mita mbili. Panua korido zote mbili ziwe mita 1.2, litapita kwa kugusa kuta. Zikifika mita 1.5, linapita na wabebaji wake. Tofauti kati ya kumsitiri mtu na kumdhalilisha ni sentimita 50. Na hesabu hiyohiyo ndiyo ya godoro, ya friji, ya kochi, ya mgonjwa juu ya machela.

Nikajiuliza, mbona sisi tuliozaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili hatukuwahi kuliona tatizo hili? Mimi nimekulia humo, Temeke, vyumba sita, familia tano, na chumba cha sita cha mwenye nyumba kuwekea vitu vyake ambavyo hajavigusa hadi leo. Wazee mnaijua. Baraza mbele. Mlango katikati. Korido moja inanyooka, vyumba vitatu huku, vitatu huku, kila kimoja futi kumi kwa kumi au karibu na hapo. Mwisho wa korido unatokea uani: jiko, choo, bafu, stoo, kamba za nguo, kinu. Nikaipima kwa tepu usiku, wapangaji wamelala, nikaichora. Nilipomaliza nikaiona: kutoka barazani hadi uani hakuna kona hata moja. Mstari mmoja! Jeneza linaingia kwa mbele na kutoka kwa mbele halijawahi kuinama. Wanaume barazani, wanawake uani, chakula kinatoka nyuma, wageni wanaingia mbele. Ule msiba niliousimulia, pamoja na maswali yote ya mpishi, umeshajibiwa na nyumba ambayo sisi tunaiita ya kizamani.

Wala haikuanza Temeke. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nazo zinaanzia dakani, yaani kibaraza cha nje mlangoni, zinaingia kiwandani, yaani ua wa katikati, kisha msana, chumba kirefu kinachotazama ua huo, kisha ndani, faragha ikiongezeka kila hatua. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Usidhani ni mtindo. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi pana. Mti ndio uliokata upana wa chumba. Kila mara mkiona umbo la ajabu kwenye jengo la zamani, kabla ya kuliita utamaduni, ulizeni kwanza lilikuwa limebebwa na nini.

Tatizo ni kwamba nyumba ya Kiswahili inakula ardhi, na ardhi imekwisha. Mji unapanda juu, tupende tusipende. Magomeni Kota kaya 644 zilikaa kwenye nyumba za chini. Leo pale pamesimama maghorofa, yaliyozinduliwa Machi 2022. Basi kazi yangu ya pili, hii modeli kubwa ya mbao hapa mezani, inauliza jambo moja: nyumba ya Kiswahili ikipandishwa juu ya nyingine mara nne, inabakije nyumba ya Kiswahili?

Nyumba sita kila ghorofa, tatu huku, tatu huku. Katikati korido, ila siyo ile ya giza inayonuka dagaa wa jana. Upana wake ni mita 3.6, imeachwa wazi ncha zote mbili, na kila mlango una baraza lake. Nyuma, kila ghorofa ina uani wake, wenye sakafu ya mteremko, bomba, kamba, na ukuta wa matofali ya matundu unaopitisha upepo na kuzuia macho. Ngazi imekaa kwenye mstari wa korido, na kila pale inapogeuka pana mita 1.8. Chini kabisa kuna chumba kimoja kisicho cha mtu, chenye mlango mpana, maji na mfereji sakafuni. Kwenye ramani nimekiandika "chumba cha shughuli". Kila mzazi aliyepita leo asubuhi amekielewa bila kuuliza.

Pale pembeni ya modeli kuna kipande cha kadibodi nyeusi, sentimita 4 kwa 1.3. Ni jeneza, limepunguzwa mara hamsini kama jengo lenyewe. Siku ya kutetea kazi nililishika kwa kibano nikalitoa ghorofa ya nne hadi chini mbele ya jopo. Kwanza walicheka. Lilipofika kona ya pili hakuna aliyekuwa anacheka.

Lakini sitawadanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Rafiki yangu anayesomea ukadiriaji majenzi aliniambia usoni kwamba korido ya mita 3.6 imemeza nyumba moja kila ghorofa, na hakuna mwenye mtaji atakayekubali kujenga nafasi isiyolipiwa kodi. Ana haki. Jibu langu ni kwamba nimepunguza sebule, kwa sababu kwetu sebule ni mahali pa kuwekea kabati la vyombo. Watu wanakaa nje. Yeye anasema mpangaji anataka sebule hata kama hataikalia. Tunabishana hadi leo. Na kuna suala la kinu. Bibi yangu alipoiona modeli aliuliza atatwangia wapi kisamvu. Nikasema chini, Bibi, maana ukitwanga ghorofa ya tatu wa ghorofa ya pili atahama. Akasema, "Nishuke ngazi zote hizo na mchi mkononi? Basi sitakula kisamvu." Nimejaribu kuweka kinu juu ya kipande cha tairi. Haikutosha. Atakayepata suluhisho kati yenu aniambie, Bibi bado ananidai.

Kazi ya tatu ni ndogo kwa ukubwa, na ndiyo pekee iliyotoka kwenye karatasi. Ni nyumba ya shangazi yangu, Chamazi. Shangazi anauza samaki wa kukaanga. Benki haimjui na yeye hana haja ya kuijua. Anacheza upatu, na zamu yake ikifika anapokea fungu, halafu anasubiri mzunguko mwingine. Alipoleta ramani aliyochorewa mara ya kwanza, ilikuwa nyumba ya vyumba vinne na paa la kuficha, lile la kisasa mnaloliona mitandaoni, ambalo masika ya pili maji yanashukia kwenye taa. Ili aingie kulala humo alihitaji kuimaliza yote. Kwa upatu angeimaliza akiwa na umri wa Bibi.

Kwetu watu hujenga kidogo kidogo. Hilo siyo geni. Mkipita Chamazi, Kivule, Chanika, mtaona misingi iliyoota majani na nondo zimechungulia juu ya nguzo zikila kutu. Wengine wanaanza na banda la uani, wanahamia, kisha wanajenga kubwa mbele. Nilichofanya mimi ni kuukubali upatu kama mteja wa pili. Kila fungu liwe nyumba kamili, hata kama ni ndogo. Fungu la kwanza: chumba kimoja, choo, na kibaraza chenye paa ambapo karai la samaki linakaa. Hapo analala, anapika na kuuza. Fungu la pili: chumba kingine na jiko, kwenye ukuta ulioachwa meno ya matofali tayari kupokea mwenzake. Paa linainama upande mmoja, kuelekea nyuma, kwa hiyo nyongeza inakuja upande wa juu bila kung'oa bati hata moja. Nondo zinazosubiri tumezipaka uji wa saruji na kuzifunika. Na tofali tumefyatua wenyewe kiwanjani, kwa sababu nimewaona wanaotoa tofali 60 kwenye mfuko mmoja wa saruji. Tofali la namna hiyo ukilikwaruza kwa ufunguo linamwagika kama sukari.

Nikamsimulia shangazi kuhusu Alejandro Aravena wa Chile. Mwaka 2004, mji wa Iquique, yeye na wenzake walijenga nusu ya nyumba kwa familia karibu mia moja, ile nusu ngumu yenye ngazi, jiko na bafu, wakaacha nafasi wenyewe waijaze kadiri wapatavyo. Mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Pritzker. Shangazi alikuwa anageuza samaki. Akasema, "Kumbe tuzo yenyewe ni ya kujenga kidogo kidogo? Mbagala nzima wangepewa."

Nilimwambia afadhali asije leo, asije akaniaibisha. Amekuja. Yule pale mwenye kitenge cha bluu.

Mwalimu wangu ananionyesha saa. Nimalize na tangazo. Shangazi amepokea zamu yake wiki iliyopita, ukuta wa chumba cha pili umefika kimo cha lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na Jumamosi hii saa moja asubuhi tunamwaga zege. Mashine ya kuchanganyia hatuna, ni chepeo na karai. Fundi anahitaji vijana wanane. Wadogo zangu, mmesoma nadharia ya zege muhula mzima na hakuna aliyewahi kulibeba kichwani. Chai, maandazi na samaki ni juu ya shangazi. Vaeni viatu vya kufunga, na anayekuja na tepu aje nayo, kwa sababu fundi anasema dirisha langu moja liko mbele ya mlango wa choo cha jirani na anataka tulipime upya kabla hatujamwaga.